Vidonge Ishirini na Kimoja

Jumanne ni siku ya chanjo katika zahanati yetu. Kuanzia saa mbili asubuhi benchi lililo nje ya chumba cha sindano huwa limejaa akina mama. Kuna watoto waliofungwa migongoni, kuna wanaonyonya, na kuna walioanza kulia kabla hawajaguswa, maana kilio cha mmoja ndani ni taarifa kwa wote walio nje. Na kila baada ya wiki nne, katikati ya benchi hilo, alikuwa akikaa mwanamke mmoja asiye na mtoto, mfuko wa nguo mapajani na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kwa sababu amesahau kuuvua alipotoka kazini.

Mama mgeni lazima angeuliza: "Wako yuko wapi?"

"Mtoto mwenyewe ni mimi," angejibu. "Nimekuja kuchomwa."

Wangecheka wote, wakidhani ni utani. Halafu ningefungua mlango na kuita, "Fundi!" naye angeinuka taratibu, kwa mkono ukutani, na kicheko kingekatika.

Mimi ndiye muuguzi wa chumba hicho. Fundi nimemchoma sindano zaidi ya mia mbili, na sisemi hivyo kwa kujigamba. Ni penisilini ile nzito, nyeupe kama uji mwepesi, ambayo ukiisukuma polepole sana inaganda ndani ya sindano, na ukiisukuma haraka mgonjwa anakutukana. Huwa nakishika kichupa kiganjani kwanza mpaka kipoteze ubaridi, kwa sababu ikiingia ya baridi maumivu yanakuwa mara mbili. Wakati huo namwongelesha. Baada ya sindano anatakiwa kukaa robo saa nimwangalie kama mwili umeipokea vizuri. Katika robo saa hizo, mwaka hadi mwaka, ndimo nilimoyajua maisha yake, na ndiyo maana naweza kuyasimulia.

Alipokuwa na miaka kumi walimwita Kiberenge, kama kile kigari kidogo cha mafundi wa reli kinachopita mbio na kelele zake. Alikuwa na kaka mmoja tu, mwenye miaka kumi na miwili, na kila siku walishindana kukimbia kutoka lango la shule hadi mlango wa nyumbani. Kaka alikuwa na miguu mirefu, lakini Kiberenge alikuwa na hila: alikata kona kwenye uchochoro wa nyuma ya kinyozi, akafika mlangoni kwanza, na kaka yake akaja nyuma amekasirika. Baba yao alishafariki. Mama yao alikuwa mfuaji katika hosteli ya wanafunzi, mikono yake imechubuka kwa sabuni mwaka mzima.

Siku moja ya Ijumaa kaka aliamka na homa. Koo lilimuuma hata mate hayamezeki, na mafindofindo yalikuwa yamevimba, yana madoa meupe. Mama akaomba ruhusa, akampeleka zahanati. Tabibu akamwangalia kwa tochi, akampa vidonge vya rangi mbili, ishirini na kimoja, vitatu kwa siku kwa siku saba. Wanarudi nyumbani jioni, Kiberenge naye yuko kitandani, koo hilohilo, homa hiyohiyo.

Zahanati ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu, na Jumatatu mama alikuwa na mashuka ya hosteli nzima yanamsubiri, kwani wanafunzi walikuwa wanahama. Basi akafanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili timamu angeweza kukifanya. Ugonjwa ni uleule mmoja, aliwaza, na dawa ni hiyohiyo. Akavimwaga vidonge kwenye sinia, akagawa kama anayegawa peremende. "Wewe kimoja, wewe kimoja." Siku ya tatu koo zilikuwa zimepona. Siku ya nne vidonge vilikwisha, na watoto walikuwa nje wanakimbizana.

Mimi huwa nawaambia akina mama kwenye benchi: si kila koo linalouma linataka dawa hizi. Mtoto akiwa na mafua na kikohozi, mara nyingi ni virusi, vitapita vyenyewe, usimbebeshe dawa bure. Lakini lile koo la bakteria, ambalo tabibu amelitazama na kuliandikia dawa, hilo usiliachie njiani. Siku hizi tunasisitiza siku kumi. Wananiitikia, "Sawa, Sista," na najua nusu yao watazihifadhi zilizobaki kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Sijui wangeitikiaje kama wangejua kwamba yule aliyekaa hapo katikati yao ndiye ninayemzungumzia.

Kama wiki tatu baadaye goti la Kiberenge lilivimba. Likawa la moto, haliguswi. Mama akalisugua kwa dawa ya kuchua, akidhani ameanguka kwenye mbio zao. Goti likapoa, kifundo cha mguu mwingine kikavimba. Nacho kikapoa, ukafuata mkono. Maumivu yalikuwa yanahama mwilini mwake kama mpangaji asiyelipenda eneo lolote. Halafu akaanza kukosa pumzi kwa kupanda tu ngazi tatu za mlangoni. Wakampeleka hospitali kubwa.

Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akahamisha kile kifaa chake huku na huku, akafumba macho. Kisha akamgeukia mama.

"Amewahi kuumwa koo siku za karibuni?"

"Ndiyo. Yeye na kaka yake."

"Alipewa dawa?"

"Alipewa kaka yake. Mimi nikawagawia."

Daktari hakumgombeza. Alieleza tu, kwa upole, kwamba bakteria wa koo walibaki, na mwili katika kupigana nao ulipotea njia ukaanza kuvipiga viungo vyake wenyewe, na moyo. Viungo vitapona. Moyo una milango midogo inayofunguka na kufunga kila unapopiga, na mlango mmoja umepata kovu. Kuanzia sasa sindano kila wiki nne, ili koo la namna ile lisirudi tena, kwa sababu likirudi litaongeza kovu juu ya kovu. Na mbio basi.

Mama alikuwa anaitikia kila neno, "Ndiyo, daktari. Ndiyo, daktari." Kaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, amekumbatia kibebeo cha chakula. Alisikia kila kitu.

Tangu siku hiyo hakukimbia tena na dada yake wala na mtu mwingine. Fundi aliniambia kwamba kwa miaka saba kaka yake alikuwa anamsindikiza zahanati kila siku ya sindano, amembebea mkoba, anatembea hatua ndogondogo kama mtu aliyevaa viatu vya kubana. Mimi nilipohamishiwa hapa, Fundi alikuwa na miaka kumi na saba, nami nilimwona kaka yake mara mbili tu. Kijana mrefu, amesimama dirishani ametupa mgongo wakati nachoma. Baada ya hapo alipata kazi bandarini, mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa treni, akawa mwendesha kreni. Alikuja likizo ya kwanza. Alikuja ya pili. Ya tatu akasema kazi zimebana, na kazi hizo hazikumwachia tena.

Mama yao alipofariki, miaka sita iliyopita, kaka alikuja akakaa siku mbili. Siku ya tatu Fundi alipoamka alikuta godoro limekunjwa vizuri na kaka hayupo.

Kilichobaki kati yao kilikuwa ujumbe wa simu. Kila Jumanne ya sindano, kabla ya saa sita, simu ya Fundi ingelia ndani ya mfuko. Neno moja: *Umechoma?* Naye angejibu neno moja: *Nimechoma.* Basi, mpaka wiki nne nyingine. Hakuwahi kukosea tarehe. Nilikuwa nachungulia uso wake anaposoma lile neno. Nakwambia, nimeona wanawake wakisoma barua za mapenzi za kurasa tatu bila kuwa na uso ule.

"Si umpigie?" nilimuuliza mara moja.

"Nikimpigia anasema yuko juu ya kreni."

"Kila saa yuko juu ya kreni?"

"Sista, huyo alipanda kreni tangu ana miaka kumi na miwili. Hajashuka."

Hakuwa mtu wa kulalamika, usije ukadhani. Alikuwa na kibanda chake cha kushonea sare za shule, vyerehani viwili, wateja hawakauki. Aliwahi kuolewa miaka michache. Lakini daktari wa moyo alishamwambia kwamba mimba kwa mlango ule wa moyo ulivyo ni hatari, asubiri kwanza utanuliwe, jina lake liko kwenye orodha ya wanaosubiri. Orodha ni ndefu. Mume hakuweza kusubiri, akaondoka kwa adabu zake zote. Kwenye benchi la Jumanne akina mama walimwachia watoto wao wanapokwenda kutafuta kadi au kujisaidia. "Nishikie huyu mara moja." Angempokea mtoto, amweke begani, anuse utosi wake kidogo kwa siri. Mtoto wa watu akianza kulia kwa sababu ya chanjo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbembeleza: "Pole, baba. Pole. Kanichoma na mimi huyu, mkorofi huyu." Nami hujifanya sijasikia.

Sasa mwaka huu, Jumanne moja, saa sita ilipita simu haijalia.

Alikaa benchini robo saa yake. Akakaa na nusu saa. Akaitoa simu mfukoni, akaizima, akaiwasha, akaninyooshea. "Hebu niangalizie, Sista, kama ina hitilafu." Haikuwa na hitilafu. Wa mwisho alikuwa mama wa mapacha, nikawapa matone yao ya polio, nikafunga sanduku la barafu, na Fundi bado yuko pale.

"Amesahau tu," nilisema.

"Huyo?" akasema. "Huyo hasahau."

Alimpigia mara nne. Simu iliita mpaka ikachoka.

Alhamisi mchana, yuko kibandani anakata kitambaa cha sketi, simu ikalia. Hakuwa kaka. Alikuwa wifi yake, ambaye walionana mara moja tu, msibani.

"Wifi, samahani kukusumbua kazini. Naomba uniambie kaka yako ana nini."

Fundi alikaa chini. "Kafanya nini?"

"Kipusa anaumwa koo." Kipusa ni binti yao, wakati huo ana miaka saba. "Tumempeleka, daktari kasema ni mafindofindo ya bakteria, kampa dawa ya maji ya siku kumi. Kitu cha kawaida, wifi! Sasa kaka yako kaomba ruhusa kazini. Kakaa na ile chupa kama askari wa benki. Hataki niiguse. Anapima mwenyewe, kila kijiko anakichorea mstari ukutani. Simu hapokei. Nikimuuliza, ananiambia wewe hujui. Sijui nini? Mtoto mwenyewe jana alikuwa anaruka juu ya kochi!"

"Hajakwambia habari zangu?"

"Kaniambia una ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao."

Fundi aliniambia kwamba hapo aliweka mkasi chini, akatazama nje, akaona watoto wa shule wanapita, akangoja mpaka wapite wote. Kisha akamweleza wifi yake habari za koo, na sinia, na vidonge. Wifi alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni akasema tu, "Miaka tisa nimelala kitanda kimoja na huyu mtu," akakata simu.

Siku ya tano ya dawa Kipusa aligoma. Alifunga mdomo, akajifungia chooni, akapiga kelele kwamba amepona, haumwi tena, na dawa wanywe wenyewe. Baba yake alimbembeleza nje ya mlango wa choo mpaka sauti ikaanza kumkatika. Wifi akaona hii sasa imezidi. Akampigia Fundi, akaweka sauti ya simu juu ili mtoto asikie kupitia mlangoni.

"Shangazi?" Fundi hakuwahi kuongea na mtoto huyo maishani. "Shangazi, mimi nimepona. Nimekula mpaka maganda ya mkate."

"Na mimi nilipona," Fundi akasema. "Siku ya tatu tu nilikuwa naruka kamba."

"Halafu?"

"Halafu wadudu wachache waliokuwa wamebaki kooni wakaniletea balaa. Magoti yakavimba. Moyo ukaumwa. Mpaka leo nachomwa sindano kila mwezi."

"Sindano ya wapi?"

"Ya makalioni."

Mlango wa choo ukalia kidogo. "Kwa nini hukumaliza dawa?"

"Nilimaliza zote nilizopewa. Hazikutosha. Dawa ilikuwa ya mtu mmoja, na sisi tulikuwa wawili, bibi yako akatugawia."

"Mwingine nani?"

Hapo Fundi alisita. Alijua kaka yake yupo pale pale, amesimama mahali fulani kati ya ukuta na mlango, anasikia. Lakini mtoto akiuliza namna ile huwezi kumdanganya.

"Baba yako."

"Kwa hiyo na baba alikunywa nusu?"

"Nusu."

"Na yeye hakumaliza?"

"Na yeye hakumaliza."

"Baba!" Kipusa alipiga ukelele wa mshangao. "Kumbe na wewe hukumaliza! Mbona wewe huumwi moyo?"

Fundi aliniambia, siku aliponisimulia, "Sista, miaka ishirini na mitatu nimekaa na jambo hili, nimeligeuza upande huu na ule, halijawahi kunijia hivyo. Kwamba na yeye aliponea chupuchupu. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi, hata yeye mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia, pole na wewe."

Kipusa alikunywa dawa. Kijiko kiligonga meno, Fundi alikisikia. Kisha simu ikachukuliwa, sauti ya juu ikazimwa, na kaka akasema:

"Kiberenge."

Hakuwa ameitwa hivyo tangu mama alipofariki.

"Nipo, kaka."

"Vilikuwa ishirini na kimoja."

"Nini?"

"Vidonge. Mama alipogawa, wewe kumi, mimi kumi, kikabaki kimoja pale kwenye sinia. Mama alikwenda jikoni. Wewe ulikuwa umelala. Mimi nikakichukua nikakimeza. Sikukwambia. Sikumwambia mama. Daktari aliposema dawa haikutosha, mimi nilikuwa nakiona kile kidonge. Mpaka leo nakiona."

Fundi alidhani atalia, kumbe kilichompanda kilikuwa hasira, hasira ambayo hakujua kama anayo.

"Kidonge kimoja?" alisema. "Kaka, umenikimbia kwa ajili ya kidonge kimoja?"

"Mdogo wangu..."

"Mama amekufa akiuliza uko wapi! Nilikuwa namwambia yuko juu ya kreni, mama, yuko juu ya kreni. Mimi sikutaka kidonge. Nilitaka kaka. Ulikunja godoro lako ukaondoka bila hata kuniambia nakwenda, halafu unanitumia neno moja kwa mwezi kama mtu anayelipa bili ya maji!"

Alimwambia mengine pia, ambayo hakunirudia. Kaka alisikiliza yote. Fundi alipomaliza, kaka akauliza, kwa sauti ndogo, "Jumanne ulichoma?"

"Nilichoma. Kidonge kimoja kisingebadilisha kitu, mjinga wewe. Nitamuuliza Sista."

Akaniuliza kweli. Nikamjibu kama ninavyojua: kumi au kumi na kimoja, vyote vilikuwa pungufu. Kisingebadilisha kitu. "Niandikie," akasema. Nikamwandikia kwenye karatasi ya zahanati, nikatia sahihi, akaipiga picha akamtumia.

Siku tano zilizobaki Kipusa alipiga simu kila jioni baada ya shule kuripoti. "Shangazi, leo siku ya saba." "Shangazi, ya nane, nimeinywa bila kukunja uso." Siku ya kumi alipiga kelele mpaka Fundi akaitenga simu na sikio. Siku ya kumi na moja, dawa zimekwisha, Fundi aliniambia alishinda anashona huku simu iko mbele ya cherehani, chini ya taa, na alikosea mshono wa mifuko miwili. Saa kumi na moja ilipita. Saa kumi na mbili ikakaribia. Halafu ikalia. Mtoto alitaka tu kujua kama shangazi anajua kushona gauni la mwanasesere mwenye mkono mmoja.

Shule zilipofungwa wakaja, baba na binti. Wifi alibaki kwa ajili ya kazi yake.

Usidhani waliangukiana shingoni. Kaka alishuka na begi, akasema, "Umekonda," akaanza kazi. Alikaza bawaba za mlango. Akabadilisha swichi. Akapanda juu ya bati akaziba pale panapovuja, akapaka mafuta vyerehani vyote viwili ambavyo havikuhitaji mafuta. Fundi alikuwa anamfuata kutoka chumba hadi chumba na kikombe cha chai kinachopoa. "Kaka, kaa." "Nakuja." "Kaa basi." Siku ya nne vitu vya kutengeneza viliisha nyumbani mwote, akakosa pa kukimbilia, akakaa. Wakaongea habari za mama. Za mikono yake, na wimbo mmoja wa kufulia ambao kila mmoja alikuwa na maneno yake tofauti, na kila mmoja akaapa yake ndiyo sahihi.

Jumanne alikuja naye. Nilifungua mlango nikamwona kwenye benchi langu, mwanaume mkubwa amebanwa kati ya mama wawili, magoti juu, mtoto wa mtu mapajani mwake amemkojolea. Kipusa aliingia ndani kumshika shangazi mkono. Kaka naye aliingia. Alisimama dirishani, kama zamani, akatupa mgongo. Nilipokuwa nakiviringisha kichupa kiganjani nikamwambia, "Baba, huko nje hakuna kitu cha kutazama. Geuka." Akageuka. Nilichoma. Fundi aliuma midomo, Kipusa akafumba macho, na yule mwanaume mzima wa bandarini akaanza kutokwa jasho mpaka ikabidi nimkalishe kwenye kiti changu. Fundi akacheka hadi akashika kifua. Sijawahi kumsikia akicheka vile kwenye chumba hicho.

Walikaa siku nane, wakaondoka.

Baada ya wiki nne alipokuja peke yake, nilitegemea kumwona amechangamka. Alikaa zile dakika zake anavuta nyuzi kwenye sketi.

"Vipi tena, mdogo wangu? Si mnaongea siku hizi?"

"Tunaongea kila siku." Akakata uzi mmoja. "Sista, zamani nilikuwa nimezoea. Ilikuwa kama goti, linauma, unajua litauma, unaendelea na kazi. Sasa nimewaona. Najua Kipusa anavyopumua akilala. Najua kaka ameanza kuota mvi hapa nyuma ya sikio. Nikiingia ndani ile nyumba ina nafasi ambayo haikuwamo. Afadhali... sijui afadhali nini."

Nje mtoto alianza kulia, mwenzake akamfuata.

"Kule kwao kuna zahanati?" aliuliza.

"Nchi nzima ina zahanati."

"Wanajua kuchoma hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu alipopata ugonjwa hakuwahi kutoka mji huu zaidi ya siku mbili tatu, kwa hofu ya kukosa tarehe. Nikavuta karatasi. Niliandika jina lake, umri, ugonjwa, kiasi cha dawa, tarehe ya mwisho na tarehe ijayo. Niliandika kwamba mara hii amechomwa kushoto, ijayo iwe kulia. Niliandika namba ya daktari wake wa moyo, na kwamba jina lake liko kwenye orodha, asiachwe akasahaulika huko. Nikapiga muhuri. Halafu nikaona bado karatasi ina nafasi, nikaongeza kwa mkono: *Tafadhali ipashe kiganjani kwanza. Na umwongeleshe.*

Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kadi.

"Nitakaa miezi miwili tu," akasema. "Sare za muhula mpya zinanisubiri."

"Haya."

"Au mitatu."

"Haya, Fundi. Nenda, treni haikungoji."

Ameshatimiza miezi mitano sasa. Alinipigia wiki iliyopita akaniambia muuguzi wa huko ni kijana, mkono mzito, na kwamba anaongea habari za mpira tu. Kaka yake humsindikiza. Mimi nikamwambia vizuri sana, nikakata simu, nikafungua mlango. Benchi lilikuwa limejaa. Nilisimama pale mlangoni kidogo, sina jina la kuita, mpaka mama mmoja akaniuliza kama ni zamu yake.